Kiini cheupe na sato mwenye harufu ya tope: je, mgahawa ulinidanganya?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Nyegezi, nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Jumapili iliyopita mume wangu alinipeleka kwenye mgahawa mmoja kando ya ziwa kusherehekea mwaka mmoja wa ndoa yetu. Ukutani wameandika 'Kutoka shambani kwetu hadi mezani kwako', na kila Jumapili wana branchi, yaani chakula kinachoanza saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, unajipakulia mwenyewe. Nilikula mayai mawili ya jicho la ng'ombe, sato wa kuoka, saladi mbichi na glasi ya mtindi waliosema ni wa ng'ombe wao. Tulilipa elfu themanini. Kiini cha yai kilikuwa karibu cheupe na sato alinuka tope. Nilipomsimulia mama mkwe akasema tumetapeliwa: kiini cheupe ni cha kuku wa dawa, harufu ya tope ni samaki aliyelala kwenye friza mpaka akaharibika, tena samaki wa hivyo analeta kichocho. Saladi na mtindi akasema havina neno kwa kuwa ni vya shambani. Leo ni siku ya nne, siumwi popote, lakini silali kwa mawazo. Je, tulidanganywa? Nimemdhuru mtoto? Mama yangu anakuja mwezi ujao kutoka Ukerewe na nilitaka kumpeleka palepale. Niache?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito na kwa ndoa kutimiza mwaka.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kwa maelezo uliyonipa sioni dalili yoyote kwamba umemdhuru mtoto. Vijidudu vinavyosumbua sana matumbo ya watu, salmonela akiwemo, kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 6 na siku 3 baada ya kula. Wewe umefika siku ya nne huna homa, huharishi, hutapiki. Hapo unaweza kushusha pumzi. Kuna magonjwa mawili yanayochelewa kujitokeza ambayo nitakuomba uyakumbuke kwa wiki kadhaa zijazo, na nitayaeleza nikifika kwenye mtindi.

Lakini nikuambie wazi, na umfikishie mama mkwe kwa heshima zake zote: amekutisha kwa mambo yasiyo na madhara, akakutuliza kwa yale ambayo mimi ningekuwa mezani pamoja nawe ningeyasogeza pembeni. Si yeye peke yake. Karibu kila mtu ninayezungumza naye hapa Mwanza hupima chakula kwa rangi, kwa harufu na kwa neno "shambani". Nimekuwa mkaguzi wa samaki na vyakula kwa miaka mingi kwenye mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, na majiko ya ukanda huu wa ziwa, na vipimo hivyo vitatu vimewaangusha watu wengi mbele ya macho yangu.

Tuanze na yai. Rangi ya kiini inatokana na kile alichokula kuku siku za karibuni. Kwenye majani mabichi, mahindi ya njano na baadhi ya wadudu kuna rangi za asili zinazoitwa karotenoidi. Kuku akizila, zinahamia kwenye mafuta ya kiini. Asipozila, kiini kinakuwa hafifu. Sasa jiulize kuku wa Tanzania anakula nini. Mahindi yetu ni meupe. Pumba ya mahindi meupe, mashudu ya pamba au alizeti na dagaa waliosagwa ndivyo vinavyojaa kwenye ndoo ya mfugaji wa Misungwi au Magu, na vyote hivyo havina rangi ya kutosha. Hata kuku wa kienyeji kabisa, anayezurura uani kwa mama mkwe wako, atakupa kiini kilichofifia ikifika Agosti majani yamekauka, na kiini cha dhahabu mvua zikishanyesha. Mtu akitaka kukufurahisha kwa rangi anaweza kununua chakula cha kuku kilichotiwa rangi maalumu na kupata kiini cha machungwa hata kwa kuku ambaye hajawahi kuona jua. Kwa hiyo kile kiini cheupe, kama kina ushahidi wowote, kinaelekea zaidi upande wa mgahawa: huyo ni kuku aliyelishwa mahindi ya hapahapa.

Dawa ni jambo jingine, nalo halionekani kwa macho. Kuku wa kienyeji naye hupewa antibiotiki, tena mara nyingi bila mtu kuhesabu siku. Kila dawa ya mifugo ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio chake, siku ambazo mayai au nyama havitakiwi kuliwa. Swali la kumuuliza mfugaji ni kama anazifuata siku hizo. Rangi ya kiini haiwezi kukujibu hilo.

Kilichonisimamisha kwenye barua yako ni maneno "jicho la ng'ombe". Kiini kinachotiririka hakijafika joto la nyuzi 70, na hilo ndilo joto tunalolitaka ili salmonela afe. Kijidudu hiki kinaweza kuwa nje ya ganda kutokana na kinyesi, na wakati mwingine kimo ndani ya yai tangu halijatagwa. Kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida ni siku chache za kuharisha. Kwa mama kijacho, kuharisha sana na homa kali ni mzigo ambao mwili wako hauuhitaji sasa. Mpaka ujifungue, mayai yako yageuzwe pande zote mbili mpaka kiini kigande. Ni sharti dogo, na mpishi yeyote mwenye adabu atalitimiza bila kununa.

Sasa sato, na hapa uniruhusu nikae kidogo, maana hili ndilo watu wanalolikosea kila siku.

Harufu ya tope na harufu ya kuoza ni vitu viwili tofauti kabisa. Samaki anayeharibika ananuka uchachu, au kitu kinachochoma pua kama mkojo uliokaa, na mwisho kama yai viza. Harufu ya tope inatokana na kemikali iitwayo jiosmini, pamoja na nyingine ya jamii hiyo, ambazo hutengenezwa na vijimea vidogo mno vya majini na bakteria wa udongoni. Unaijua tayari: ni ileile harufu inayopanda ardhini mvua ya kwanza ikigonga vumbi la Oktoba. Pua ya binadamu inaikamata hata zikiwa nanogramu chache tu katika lita nzima ya maji, na pua ya mjamzito, kama umeshagundua, haipitwi na kitu. Maji ya ghuba zetu yakipata joto na uchafu wenye rutuba kutoka mjini, yanageuka kijani. Sato anapumua maji hayo, jiosmini inaingia kwa njia ya matamvua na kutulia kwenye mafuta ya mwili wake. Haina madhara kwako wala kwa mtoto. Inaharibu ladha tu.

Nimeshika sato aliyenuka tope akiwa bado anarukaruka mkononi. Ilikuwa kwenye vizimba vya mfugaji mmoja, wiki ambayo upepo ulikuwa umesukuma ule ukijani wote kwenye ghuba yake mpaka maji yakawa kama rangi ya ukutani. Samaki alitolewa majini saa moja asubuhi, saa mbili yuko sahanini, na tope lilikuwa palepale kwenye kila tonge. Yule mfugaji aliona haya, akidhani nitasema samaki wake wamekufa muda mrefu. Nilimweleza dawa yake: kabla ya kuuza, samaki wahamishiwe kwenye maji safi yanayotembea, bila chakula, kwa siku kadhaa, na ile harufu itatoka polepole kwa njia ileile iliyoingilia. Jikoni, ndimu au siki husaidia kweli, kwa sababu tindikali huivunja jiosmini. Bibi zetu waliojaza ndimu kwenye sato hawakuwa wanafuata ladha pekee.

Kwa hiyo ile harufu haikuambii chochote kuhusu friza. Na kuhusu friza yenyewe, naomba tuache kuitukana. Samaki wa maji ya joto kama wetu, akiachwa bila barafu kwenye jua la Mwanza, ndani ya nusu siku ameharibika. Huyohuyo akifukiwa kwenye barafu tangu mtumbwini anakaa wiki mbili na zaidi akiwa mzuri. Aliyegandishwa mapema vizuri ni salama kuliko yule "fresh" aliyetoka kambi ya kisiwani amelala kwenye sakafu ya boti chini ya gunia bila hata kipande cha barafu. Kugandisha kunamkausha kidogo, nyama inapoteza maji, na hilo ni suala la utamu.

Ukitaka kumjua samaki mzima, mwone kabla hajapikwa. Kwenye mwalo nilikuwa nafanya hivi: nainua kifuniko cha shavu na kutazama matamvua, nataka yawe mekundu kama damu mbichi, na yakishaelekea kahawia ninaanza kuuliza maswali. Kisha nabonyeza kwa dole gumba mgongoni, karibu na pezi. Nyama ya samaki mzima inarudi juu mara moja. Iliyochoka inabaki na shimo la kidole, kama unga wa chapati uliolala. Jicho liwe limetokeza nje na liwe angavu. Hayo matatu yananitosha. Migahawa mingi ya kando ya ziwa hapa kwetu hukubali mteja aingie kuchagua samaki wake, nawe tumia haki hiyo. Tatizo la meza ya kujipakulia ni kwamba inakunyima hilo. Unamkuta samaki ameshavikwa vitunguu na hoho, na matamvua huyaoni.

Kichocho nalimaliza haraka: hakiliwi. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kuogelea mpaka vipate ngozi ya mtu aliyeingia ziwani kuoga, kufua au kuvua, navyo hupenya hapo. Samaki aliyepikwa hawezi kukupa. Ila kama wewe mwenyewe unakwenda kufua au kuoga ziwani, mwambie muuguzi wa kliniki, kwa sababu fukwe zetu zina kichocho kingi na matibabu yapo, hata kwa mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza.

Ulichonyamazia ni zebaki, na ningependa uijue kwa sababu inahusu samaki utakaowala miezi minne ijayo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita hutumia zebaki, nyingine huja na hewa na mmomonyoko wa udongo. Majini, bakteria huigeuza kuwa aina inayoshika kwenye nyama ya samaki, na kila mkubwa anayemla mdogo anairithi yote. Sato anakula vijimea na vitu vidogovidogo, hivyo anabeba kidogo sana. Sangara ni mla samaki wenzake, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyokusanya. Kiwango kinachotumika sana kimataifa ni miligramu 0.5 katika kilo ya samaki, na samaki wengi wa ziwa letu wako chini yake. Wanaosogelea mpaka huo ni masangara wakubwa. Ushauri wangu kwa mama kijacho: sato na dagaa kula kwa amani mara mbili tatu kwa wiki, maana ubongo wa mtoto unayataka mafuta yale, sangara wa wastani mara mojamoja, lile pande la sangara mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza waachie wengine. Ulipochagua sato Jumapili, ulichagua vizuri.

Basi tufike kwenye vile viwili alivyokutuliza mama mkwe.

Saladi kwanza. "Ya shambani" maana yake imetoka kwenye udongo, na udongo una mbolea ya kuku, mkojo wa mifugo, na kinyesi cha paka wanaozurura usiku. Bustani nyingi za ndani ya jiji letu ziko mabondeni, ambako maji yapo mwaka mzima, na baadhi ya mabonde hayo hupokea maji machafu ya makazi. Mto Mirongo unaokatiza katikati ya mji kila mtu anajua unabeba nini. Mchicha na chainizi vilivyomwagiliwa maji ya namna hiyo huwa vya kijani kibichi kinachovutia. Tukivipika, moto unatuokoa. Tukivila vibichi, hatuna tena ulinzi isipokuwa mikono ya aliyeviosha.

Na mikono hiyo nimeitazama. Jiko moja nilisimama pembeni nikaangalia saladi ya watu 60 ikioshwa kwenye beseni moja. Fungu la kwanza lilitoka safi. Fungu la tano liliingia kwenye maji yaliyokuwa tayari na rangi ya chai ya rangi, na mchanga ukisugua chini ya beseni. Binti aliyekuwa akiosha alikuwa na bidii, hakuna aliyemfundisha tu kwamba maji yabadilishwe. WaterGuard, ile dawa ya klorini ya kusafishia maji, ingepunguza bakteria, lakini mayai ya minyoo na vimelea vya toksoplasma vitokavyo kwenye kinyesi cha paka, ambavyo mjamzito anatakiwa kuvikwepa, vina ganda ambalo klorini haiwezi. Hivyo vinaondoka kwa kusugua jani mojamoja chini ya maji safi yanayotiririka, au kwa moto. Chumvi na siki ambazo wengi huziamini haviviui. Katika miezi hii minne, mboga zako zipikwe, na kama hamu ya kachumbari inakushinda, itengeneze nyumbani kwa mkono wako, nyanya na tango vimenywe. Na kama hamu ni ya udongo wenyewe, kama inavyowapata wengi, mwambie muuguzi. Mara nyingi damu inakuwa imepungua.

Mtindi ndio unaonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Ng'ombe anaweza kuonekana mnene na mwenye afya huku maziwa yake yana kijidudu cha brusela, na ukanda wetu ni wa wafugaji. Maziwa yakichemshwa, brusela anakufa. Yakigandishwa mabichi kwenye kibuyu au ndoo, uchachu unampunguza lakini haummalizi, na huwezi kumwonja. Kwa mjamzito ugonjwa huu unaweza kuleta homa za kurudiarudia na hata kuharibu mimba. Kijidudu kingine, listeria, naye hupenda maziwa mabichi na vyakula vilivyokaa muda mrefu kwenye friji, na anaweza kudhuru mimba vilevile. Wote wawili wanachelewa: dalili huja baada ya wiki moja hadi nne, na pengine miezi. Sisemi unao. Mgahawa unaojali huchemsha maziwa kwanza, ukayapoza, ndipo ukatia mtindi kidogo wa kugandishia, na inawezekana kabisa ndivyo walivyofanya. Lakini hilo linajulikana kwa kuuliza. Wapigie simu leo, omba kuzungumza na mpishi au msimamizi, muulize: maziwa ya mtindi wa Jumapili yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Akijibu upesi na kukueleza hatua zao, tulia. Akibabaika, au akasema "ni ya asili kabisa, hatuyagusi", kariri jibu hilo ulipeleke kliniki.

Sasa lile swali la kudanganywa.

Mtindo huu wa kuandika "shambani hadi mezani" una asili yake. Mwaka 1971 Alice Waters alifungua mgahawa wa Chez Panisse mjini Berkeley, California, akanunua kwa wakulima wa jirani wakati ambapo Mmarekani wa kawaida alikuwa akila nyanya zilizovunwa mbichi na kusafirishwa siku nyingi, na mboga za makopo. Kwao umbali ndio ulioua ladha, nao wakapigana na umbali. Hata branchi ni ya kuja: aliyeipigia debe kwa maandishi mwaka 1895 ni Mwingereza Guy Beringer, akiwatetea waliochelewa kulala Jumamosi. Vyote viwili vimetua Mwanza vikiwa vimeshonwa pamoja, na sina ubaya navyo. Ila kwetu umbali haukuwa shida. Mama lishe wa Kirumba amenunua samaki soko la Mwaloni asubuhi na nyanya za Usagara, na hajaandika ukutani. Kinachotuumiza sisi ni maji ya kuoshea, barafu, na muda chakula kinaokaa kabla ya kuliwa. Maneno yale ya ukutani hayasemi lolote juu ya hayo matatu. Na hayana cheti nyuma yake kama ilivyo alama ya Kilimohai ya mazao yasiyotumia kemikali za viwandani, ambayo mkulima hawezi kuibandika kwenye mazao yake kabla hajakaguliwa.

Je, walikudanganya? Kwa ushahidi ulionao, yai na sato havionyeshi hivyo. Ukitaka kuwapima kwa haki, tazama kama kuna vitu wanakosa. Anayepika kutoka shambani na ziwani lazima akose. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawavuliwi, kwa sababu taa za wavuvi haziwavuti tena. Mgahawa unaokupa dagaa wabichi hata usiku wa mbalamwezi kubwa, kila mwezi bila kukosa, una la kueleza. Masika, nyanya huungua kwa ukungu na bei hupaa. Maembe yana miezi yake. Menyu ya ukweli imefutwafutwa kwa chaki, na mhudumu anakuambia "leo hakuna" bila aibu. Ningefurahi pia kuona michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mezani pembeni ya mkate wa kuoka, kwa sababu hapo ningejua kuna mtu kweli anazungumza na mkulima wa Usukumani.

Kwenye branchi yenyewe, jambo linalonipa wasiwasi kuliko yote ni saa. Kuanzia saa nne mpaka saa nane ni saa nne nzima. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo bakteria wanazaana, na kikishakaa hapo kwa muda wa saa mbili mimi sikigusi. Angalia zile sahani kubwa zenye mishumaa au umeme chini yake. Funua kifuniko: mvuke unapanda usoni, au unakuta mayai yamejikunja pembeni na maji yametuama? Pilau limewekwa lote kwa mpigo kama mlima, au wanaleta kidogokidogo na kubadilisha chombo? Mtindi na saladi vimekaa juu ya barafu au juu ya kitambaa kizuri tu? Ukifika saa nne na robo unakula chakula tofauti kabisa na cha atakayefika saa saba na nusu, kwa bei ileile ya elfu arobaini kila mtu.

Kuhusu mama yako, una njia tatu na zote nimezipima. Unaweza kupika nyumbani; ni salama kuliko zote na ni nafuu, lakini utakuwa na mimba ya miezi sita umesimama jikoni siku ya mgeni wako, na furaha ya kumtoa mama itakuwa imepotea. Unaweza kutafuta mahali pengine, pasipo na maandishi ukutani, ila maswali ya maji, barafu na saa yatakufuata huko pia. Au urudi palepale. Mimi ningerudi, kama jibu la simu kuhusu maziwa litakuwa la kueleweka. Fikeni mapema wanapofungua. Achaneni na sahani ya samaki ya mezani, muombe samaki mbichi aletwe, na umpe mama yako kazi ya kumchagua. Mtu wa Ukerewe hahitaji somo langu la matamvua. Aokwe na ndimu ya kutosha mpaka nyama ing'oke kwenye mfupa. Mayai yako pande zote mbili. Mboga za kupikwa. Badala ya mtindi kunywa chai ya maziwa iliyochemka vizuri.

Kama simu haikukuridhisha, au ukiona jikoni uchafu wa wazi, mwone afisa afya wa kata yako. Ni kazi yake kukagua migahawa na afya ya wanaoshika chakula, na hahitaji uwe na barua wala wakili.

Sasa lini uende hospitali bila kusubiri. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea. Kuharisha damu, au kuharisha maji mara nyingi mpaka mdomo unakauka na mkojo unakuwa wa njano iliyokolea. Maumivu makali ya tumbo, kutokwa damu au maji ukeni. Na kama umeshaanza kusikia mtoto akicheza kisha ukaona ametulia kuliko kawaida yake. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, nao wataamua kama upelekwe hospitali ya rufaa ya Bugando. Usinunue vidonge duka la dawa kwa kubahatisha, kwa sababu baadhi ya antibiotiki zinazouzwa kirahisi hazimfai mjamzito.

Na ikitokea homa ndani ya miezi miwili hii, najua kitakachofanyika kwanza: watakupima malaria, kama inavyopasa hapa kwetu. Malaria isipoonekana, pengine watataja taifodi kwa kile kipimo cha damu cha haraka ambacho mara nyingi hupotosha. Hapo ndipo usinyamaze. Mwambie daktari tarehe uliyokunywa mtindi, kwamba hujui kama ulichemshwa, na kwamba una mimba, kisha muulize kama unafaa kupimwa brusela. Daktari hawezi kufikiria kitu ambacho hakuambiwa. Hata usipopata homa, kliniki ijayo mwambie muuguzi akuandikie kwenye kadi yako: mtindi, Jumapili ile, na jibu la mgahawa.